Maswali ya Wasomaji: Kutembea Bagamoyo kwa Simu Wakati wa Maradhi

Toleo lililopita tuliandika jinsi miji ya kale ya pwani ilivyobaki bila wageni wakati wa Uviko-19, kisha tukawauliza wasomaji: maradhi mengine yakifunga njia, mko tayari kuonyesha Bagamoyo, au kuonyeshwa, kwa njia ya mtandao? Barua zimekuja za kila namna. Wako waliokasirika, wako waliofurahi, na wako wanaotaka tu kujua kazi yenyewe inafanywaje. Nyingi zimetoka Bagamoyo kwenyewe. Baadhi tumezifupisha, na majina tumeyaacha kama wengi walivyoomba.

Mtatunyang'anya riziki

*Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mwongoza watalii. Huu utalii wa mtandaoni mnaoupigia debe utatumaliza. Mtu akishaona Boma, Ngome Kongwe na magofu ya Kaole akiwa amelala kitandani kwake, aje huku kufanya nini? Wakati wa korona tulikaa vijiweni mwaka mzima. Sasa mnataka tukae moja kwa moja?* — Mwongoza watalii, Dunda

Ndugu yetu, tuanze na hesabu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020 wakashuka hadi 620,867. Waliokosekana hapo hawakuzuiwa na video. Hapa kwetu ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa Aprili 12, 2020 na kuruhusiwa tena Mei 18, lakini nchi nyingi wanakotoka wageni ziliendelea kujifungia. Halafu tazama upande wa pili: mwaka 2023, watu wakiwa wameshazoea mikutano, madarasa na hata arusi za mtandaoni, waliokuja walifika 1,808,205, wengi kuliko kabla ya ugonjwa.

Tafiti zilizofanywa wakati wa Uviko-19 katika nchi mbalimbali ziliwauliza watazamaji wanauonaje utalii huu. Majibu yalielekea upande mmoja. Wengi waliupenda kwa sababu uliwatoa upweke na kuwasaidia kuchagua pa kwenda baadaye, lakini waliuona ni wa kushikilia nafasi tu. Aliyefurahia ziara kwenye simu alikuwa na hamu zaidi ya kufika mwenyewe, na aliyechoshwa nayo hamu yake haikuongezeka. Kwa hiyo ziara mbovu ndiyo ya kuogopwa kuliko ziara yenyewe.

Hata hivyo hofu yako ina mzizi, na hatutaki kuupita. Kuna ziara ya mubashara na kuna ziara iliyorekodiwa. Ya mubashara inakuhitaji wewe: mtazamaji anauliza, unajibu, unageuza kamera anakotaka. Aprili 2020 Visiwa vya Faroe viliwavisha waongozaji kofia zenye kamera, na watu walioko majumbani wakawaelekeza kwa vitufe vya simu: geuka, tembea, kimbia, ruka. Bila mwongozaji hapakuwa na ziara. Iliyorekodiwa ni habari nyingine. Mtu anakuja na kamera, anakulipa posho ya siku moja, anaondoka na sauti yako na maelezo uliyoyakusanya kwa miaka mingi, na video inaendelea kumwingizia fedha wakati wewe uko kijiweni. Hapo ndipo riziki inapopotea.

Usirekodiwe kabla ya kuandikiana. Karatasi moja inatosha, mradi iseme video itawekwa wapi, kwa muda gani, jina lako litatajwaje, na mapato yakigawanywa unapata kiasi gani kwa kila mia. Sainini wote wawili na kila mmoja abaki na nakala. Akisema karatasi si lazima, mpe dakika tano za maelezo na sehemu nyingine uache.

Jambo jingine la kibiashara: kila anayelipia ziara ya mubashara mpe namba ya stakabadhi, na umwambie kiasi alicholipa kitapunguzwa kwenye bei siku atakapokuja mwenyewe. Namba hizo ziandike daftarini. Ukiacha kuandika, mgeni atafika baada ya miaka miwili, namba itakuwa haionekani, na utabishana naye mlangoni.

Tunaanzaje ziara ya mubashara?

*Sisi ni vijana watatu, tuna simu mbili nzuri. Tulijaribu kuonyesha Mji Mkongwe mubashara, watu wakaanza arobaini, wakaisha sita. Wengine walilalamika picha inaganda, wengine kizunguzungu, wengine hawasikii. Tulikosea wapi?* — Vijana wa Magomeni, Bagamoyo

Kila lalamiko hapo lina chanzo chake. Tuanze na sauti, maana mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu lakini hakai na sauti asiyoisikia.

Simu ikiwa mita 2 kutoka kwa msemaji, maiki yake inachukua upepo, pikipiki na mawimbi kabla ya kuchukua maneno. Nunueni maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ifungwe shubiri moja chini ya kidevu, ivalishwe sponji au manyoya ya kukinga upepo. Miezi ya kusi upepo wa Bagamoyo hauna mchezo, na sponji peke yake haitoshi. Msemaji auelekezee upepo mgongo ili mwili wake uwe ukuta wa maiki. Kabla ya kuanza, rekodini dakika moja mahali penyewe, kisha sikilizeni kwa visikizi. Spika ya simu huficha mngurumo wa upepo ambao mtazamaji ataupata wote.

Picha kuganda ni mambo ya mtandao wa kupandisha, yaani kutuma, si wa kushusha, yaani kupokea. Watu wengi hupima kasi, wakaona namba kubwa ya kushusha wakaridhika. Kwa video ya mubashara ya 720p (namba hiyo ni kiwango cha ubora wa picha) mnahitaji kupandisha kwa kasi ya Mbps 3 au zaidi bila kuyumba. Chini ya hapo shukeni hadi 480p mapema, kwa sababu picha ndogo isiyokatika ni bora kuliko kubwa inayokwama. Pimeni kwenye kila kituo, saa ileile mtakayofanya ziara. Mtandao wa saa tatu asubuhi si mtandao wa jioni, watu wakishatoka kazini na shule.

Halafu kuna kuta. Majengo ya kale ya Bagamoyo yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Mkiingia chumba cha ndani cha Ngome Kongwe, mtandao unaachwa mlangoni. Vyumba vya ndani virekodini kabla, dakika mbili mbili, mzirushe wakati msemaji amesimama uani na kueleza. Waambieni watazamaji wazi kwamba kipande hiki kimerekodiwa. Wakigundua wenyewe, watashuku na yale ya mubashara.

Bebeni laini mbili za kampuni tofauti. Simu ya pili iwe tayari kugawa intaneti, ya kwanza ikianguka mhamie bila kukata ziara. Kwa 720p saa moja inakula takribani GB 1 hadi 1.5, kwa hiyo kwa ziara ya dakika 45 pamoja na majaribio wekeni GB 3 kwenye laini kuu na GB 1 kwenye ya akiba. Laini inayorusha izuieni kupokea simu za kawaida. Kuna ziara nyingi zilizokatika kwa sababu mjomba alipiga kuuliza nauli.

Kizunguzungu kinaletwa na kutembea huku mnarusha. Mtazamaji ameketi, macho yake yanamwambia anatembea, masikio yanamwambia ametulia. Ubongo haupendi ugomvi huo. Simameni ndipo msimulie. Kamera ikae kwenye stendi, itulie angalau sekunde 10 kabla ya kugeuzwa, na ikigeuzwa robo duara itumie sekunde 8 au zaidi. Kati ya kituo na kituo msirushe hatua zenu. Wekeni picha iliyotulia, msoma maswali azungumze na watazamaji, ninyi mkitembea.

Huyo msoma maswali ndiye mtu mliyemsahau. Mko watatu: mmoja aseme, mmoja ashike kamera, wa tatu akae nyumbani penye mtandao wa uhakika. Kazi yake ni kukaribisha watu, kukusanya maswali, na kurusha video fupi ya akiba ninyi mkikatika. Msemaji asisome maswali kwenye simu mwenyewe, kwa sababu akiinamisha macho watu wanahisi amewaacha.

Kuhusu idadi, arobaini ni wengi mno kwa ziara ya maswali na majibu. Anzeni na 15. Vituo vitano vinatosha dakika 45, kwa mfano uani mwa Ngome Kongwe, mbele ya Boma la Wajerumani, mlango mmoja wa kuchongwa Mtaa wa India, forodhani, na soko la samaki. Hapo kwenye mlango kaeni. Sogezeni kamera sentimita 30, taa ipige kutoka ubavuni ili michongo itoe kivuli, onyesheni misumari ya shaba, mnyororo na mahali mkono wa watu umelainisha mbao kwa kushika. Mgeni aliyekuja kwa miguu mara nyingi hupita mlango huo bila kuuona. Mtazamaji wa simu anauona hadi nyufa.

Jua nalo lipangieni. Bahari iko mashariki, kwa hiyo asubuhi ukimpiga mtu picha akiwa na bahari nyuma yake anageuka kivuli. Asubuhi pigeni majengo yanayotazama bahari, alasiri geukieni maji, majahazi na forodha. Simu inayorusha juani hupata joto, ikafifisha kioo au kujizima. Vueni kava, ishikieni mwavuli, na msiichaji juani wakati inarusha, kwa sababu chaji yenyewe inaongeza joto. Ichajini kivulini kati ya vituo. Kama mnataka ufuo au mikoko, tazameni kwanza maji. Siku za bamvua bahari hujaa sana na kutoka sana, na saa ya maji kujaa inasogea takribani dakika 50 kila siku, kwa hiyo ufuo mlioujaribia juzi unaweza kuwa umefunikwa leo.

Saa ya ziara iandikeni kwa tarakimu za kimataifa. Mkimwandikia mgeni wa Berlin "saa 10 jioni" atakuja saa nyingine kabisa. Andikeni 16:00 saa za Tanzania. Kwa Berlin hiyo ni 15:00 majira yao ya joto na 14:00 majira ya baridi, na kwa New York ni 09:00 au 08:00. Mwanga wa Bagamoyo saa hiyo ni mzuri na Wamarekani wameshaamka.

Vibali viombeni mapema: ofisi ya serikali inayosimamia majengo na magofu hayo, Kanisa kwa eneo la misheni na makumbusho yake, na mkitaka kurusha droni, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Barua yenu itaje siku, saa, idadi ya watu na kama mnatoza fedha. Msipotaja fedha, siku mtakayoonekana mnatoza mtaonekana mlidanganya.

Mwisho, maelezo. Mtazamaji ana simu ya pili mkononi na anakagua kila mwaka mnaoutaja. Misheni ilianza 1868. David Livingstone alifariki Mei 1873 na mwili wake ukafikishwa Bagamoyo Februari 1874, ukiletwa na watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao. Boma lilijengwa 1897. Yaandikeni kwenye kadi, na mkiulizwa msilolijua, mwambieni atajibiwa kwa ujumbe kabla ya kesho, na mjibuni kweli.

Makaburi ya Kaole yaheshimiwe

*Wanangu, nimekaa kimya sasa nimeona niseme. Kaole kuna makaburi ya watu wa dini, na kuna kaburi la Sharifa watu wanakwenda kuomba dua. Vijana wanapanda juu ya makaburi na simu zao, wanacheka. Wakati wa maradhi ndiyo zaidi, mtu amekwenda kumwombea mgonjwa wake, anarushwa duniani. Hii nayo ni utalii?* — Bibi wa Kaole

Shikamoo Bi Mkubwa. Barua yako tumeiweka hapa nzima kwa makusudi, isomwe na wote wanaoandika kutuuliza kuhusu kamera.

Makaburi ya Kaole hayapandwi, kwa kamera wala bila kamera. Ni matumbawe na chokaa cha karne nyingi, na plasta iliyobaki hubanduka kwa kuguswa tu. Nguzo za makaburi zina mashimo yalikokuwa yamepachikwa mabakuli ya kauri ya China, na mashimo hayo yanaonekana vizuri kwa kuvuta picha ukiwa umesimama pembeni, mita 4 au 5. Vivyo hivyo misikiti; ule wa kale zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kibla kinapigwa picha kutoka nyuma ya kizingiti.

Anayeomba dua asirushwe. Mubashara haina kufuta, kwa hiyo mmoja wa kundi atangulie mbele, na akikuta mtu ameinamia kaburi ainue mkono, kamera igeuzwe au kituo kirukwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda mtu dhidi ya kutangazwa habari zake bila idhini, na afya na imani ya mtu ni katika habari zinazolindwa zaidi. Hatupendi ifike huko. Adabu ilitosha.

Tunaongeza moja kwa waongozaji. Mambo watu wanayoyaamini kuhusu kisima cha Kaole yaelezwe kama imani ya watu wa mahali. Wakati wa mlipuko mwongozaji asimwambie mtazamaji kwamba maji, mti au udongo wowote unatibu. Akiulizwa habari za ugonjwa, ataje simu ya bure ya Wizara ya Afya, 199, kisha arudi kwenye historia.

Darasa lisilo na bando

*Nafundisha historia. Wanafunzi wangu 60 hawajafika Kaole ingawa tuko wilaya moja, na shule zikifungwa kama Machi 2020 hawatafika. Bando sina. Kuna njia?* — Mwalimu, Fukayosi

Ipo, mwalimu, na haihitaji mubashara. Tumia picha za mzunguko, zile za nyuzi 360. Azima kamera yake, au tumia programu ya simu inayounganisha picha. Stendi iwe na urefu wa mita 1.4, kimo cha mwanafunzi wako. Watu na kuta viwe zaidi ya mita 1 kutoka kwenye lenzi, kwa sababu kilicho karibu zaidi hukatwa pale picha mbili zinapoungana, na utaona nguzo yenye kiungo kilichohama. Weka kipima muda cha sekunde 10 ujifiche nyuma ya ukuta. Nenda asubuhi mapema. Adhuhuri jua la utosini hufuta michongo yote.

Picha 12 zinatosha kipindi kizima. Kila moja ina MB 5 hadi 10, jumla haizidi MB 120, na zinaingia kwenye kadi ya kumbukumbu inayopita mkono kwa mkono bila senti ya intaneti. Hakikisha upana wa kila picha ni mara mbili ya kimo chake baada ya kuihariri. Ukikata hata kidogo, programu haitaitambua kuwa ya mzunguko na itaionyesha kama utepe uliopinda. Simu nyingi za bei ndogo hazina kihisi cha kugeuka, kwa hiyo picha haitafuata kichwa. Waambie wazazi wasogeze kwa kidole.

Na usiwaonyeshe tu. Picha ya kwanza wape swali: mlango wa msikiti uko upande gani, na kibla upande gani? Watoto wanaotafuta kitu wanakaa kwenye picha, wanaoambiwa "tazameni" wanaishia michezo.

Miwani ya kuvaa

*Nina nyumba ya wageni karibu na ufuo. Nimeletewa miwani miwili ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kukuonyesha mahali kama uko pale, niwaonyeshe wageni hifadhi ya Saadani na Kaole siku ambazo hawawezi kutoka. Lakini nikifikiria macho mekundu na mafua naogopa. Je, nitumie?* — Mama mwenye nyumba ya wageni

Mama, hofu yako ni sahihi. Miwani ile inagusa paji la uso, pua na ngozi ya macho, na sponji yake inanyonya jasho.

Kukiwa na mlipuko wa ugonjwa wa njia ya hewa au macho mekundu, iweke kabatini. Onyesha kwenye runinga ya sebuleni, madirisha wazi. Siku za kawaida, badilisha sponji kwa kava laini lisilopitisha maji. Baada ya kila mgeni futa kava na mikanda kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, uache pakauke penyewe, usipanguse haraka, kwa sababu spiriti inahitaji muda wa kubaki na unyevu ili iue vijidudu. Lenzi usiziguse kwa spiriti, itaharibu utando wake. Tumia kitambaa kikavu kile cha miwani ya macho. Miwani ya boksi la karatasi haisafishiki, mpe mgeni aondoke nayo.

Mgeni aketi kwenye kiti kisichozunguka, atumie dakika 5 mara ya kwanza. Akianza kutoka jasho au kumeza mate, mvue palepale. Mtu anayejikaza hutapika. Na kamwe usiache miwani barazani lenzi zikitazama juu: jua likiingia humo linakusanywa na lenzi na kuunguza kioo cha ndani kwa muda mfupi tu, na doa hilo halitoki.

Kupima maoni ya watu

*Nasoma chuo, utafiti wangu ni mtazamo wa watu wa Bagamoyo kuhusu utalii wa mtandaoni wakati wa janga la afya. Nimeweka dodoso kwenye makundi ya WhatsApp, nimepata majibu 90, na asilimia kubwa wanaupenda. Msimamizi amenirudishia. Kwa nini?* — Mwanafunzi, Bagamoyo

Kwa sababu umewauliza mtandaoni watu walioko mtandaoni kama wanapenda mambo ya mtandaoni. Mvuvi wa soko la samaki mwenye simu ya vitufe hayumo, bibi aliyetuandikia kuhusu Kaole hayumo (barua yake ilikuja kwa mkono), na mwongozaji aliyekasirika huenda aliliona dodoso akalipita.

Gawa watu kwa makundi kabla ya kuuliza: wanaoishi kwa utalii, wakazi wengine, na wageni. Kila kundi liwe na idadi uliyoipanga, na nusu ya majibu uyachukue ana kwa ana. Ukitaka kusema neno kuhusu watu wengi kwa kukosea si zaidi ya asilimia 5 juu au chini, unahitaji takribani watu 384 waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Wakiwa 100, pengo linakuwa kama asilimia 10. Na hesabu hiyo haiokoi majibu yaliyochukuliwa kwa upendeleo, hata yakiwa elfu.

Maswali nayo yatazame upya. "Je, unaupenda utalii wa mtandaoni?" ni swali la adabu, na Mswahili hatakuvunja moyo usoni. Mtafiti Fred Davis alionyesha mwaka 1989 kwamba watu hupokea teknolojia kwa kupima mambo mawili, kama ina faida kwao na kama ni rahisi kuitumia. Yatenganishe. Kisha uliza matendo: umewahi kutazama, ulitazama dakika ngapi, ulitumia bando la nani, ungelipa shilingi ngapi. Jibu la mwisho liandike kwa tarakimu, usimpe vya kuchagua, maana ukimwekea 5,000 kama kiwango cha chini hakuna atakayesema 500. Watenge waliowahi kufika Kaole na wasiowahi. Mara nyingi hawa wawili wanaona vitu tofauti kabisa kwenye picha ileile.

Ukiweza, waonyeshe ziara ya dakika 10 na uulize kabla na baada, maswali yaleyale, mpangilio uleule. Badiliko kati ya majibu hayo mawili lina uzito kuliko asilimia yoyote uliyonayo sasa.

Ugonjwa ukiisha?

*Natumia kiti cha magurudumu. Wakati wa Uviko watu wote walipofungiwa, ghafla kila mahali pakawa na ziara za mtandaoni, nikaona makumbusho ambayo sikutarajia kuyaona. Ugonjwa ulipopungua, nyingi zikafungwa. Kwetu sisi janga halikuisha. Mnawaambia nini hao waongozaji?* — Msomaji, Nianjema

Tunawaambia wasifunge. Umesema jambo ambalo halikutajwa katika barua nyingine yoyote tuliyopokea: kwa wengi ziara hizi zilikuwa za muda, lakini kwako ndiyo ziara yenyewe, na huna haja ya kusubiri maradhi ili uhesabiwe kuwa mgeni.

Ratiba ya ziara moja ya mubashara kwa mwezi haimlemei mwongozaji yeyote, na inamfanya awe na mikono iliyozoea kazi siku njia zikifungwa tena. Lakini kuna kazi nyingine ya siku moja ambayo tungependa vijana wa Magomeni waianze wiki hii. Wachukue futi kamba, waende kila kituo cha ziara yao na kupima: upana wa mlango kwa sentimita, idadi ya ngazi, kimo cha kila ngazi, aina ya njia, kama ni mchanga, mawe au saruji. Kiti cha magurudumu cha kawaida kinahitaji mlango wenye uwazi wa sentimita 80 hivi. Vipimo hivyo viandikwe chini ya kila video, pamoja na picha moja ya mlango ikionyesha kizingiti kutoka ubavuni. Hapo utajua sehemu gani unaweza kufika mwenyewe na zipi utazame kwa simu, na utaamua wewe, si wao.